Aliye Hai Harithiwi

Fomu ina kurasa nne na pahala pa muhuri.
Nimeileta chini ya baibui,
maana mvua ya vuli hapa Wete haina heshima na karatasi,
na Bi Kazija amenikalisha juu ya jamvi
kama mtu aliyekuja kuposa:
chai ya mchaichai, kisha kimya, kisha, "Haya, sema."

Jina? Kazija binti Shaame.
Umri? "Andika nilikuwa mwari
mwaka alipokuja Mzungu kuhesabu mikarafuu,
mti kwa mti, na kopo la chokaa."
Naandika themanini na nne. Sheha atatia muhuri.

Sababu ya kuhamia nyumba ya wazee?
Wameacha mistari miwili.
Anatazama jiko. Mwezi uliopita alianguka pale, kando ya mafiga,
akasikia adhana nne akiwa chini,
akaziitikia kwa kope.
"Andika: kuni zimekuwa nzito."

Mali?
"N'na mikarafuu kumi na minane.
Ardhi si yangu. Miti ndiyo yangu."
Fomu haina kisanduku cha mti usio na ardhi.
Nachora kimoja pembeni, kwa rula.

Mtoto wa kaka yake, Hamadi, yuko kizingitini,
viatu hajavua.
Anatoa mfukoni karatasi iliyokunjwa mara nne.
"Na hii pia atie dole. Ya hospitali tu."

Si ya hospitali.
Naisoma kwa sauti; ndicho nilichofunzwa siku tisa kule Chake:
usimpe mtu wino kabla hujampa maneno.
*Mimi, mwenye akili timamu, kwa hiari yangu,
natoa hiba mikarafuu yangu yote, na mavuno yake, na vikonyo vyake…*

Mvua kwenye bati.
"Rudia," asema. "Hapo penye hiari."

Narudia.

"Hamadi. Ulipougua surua nilikulaza kifuani siku saba.
Ungeniomba mti, ningekupa mti."

"Shangazi, huko watakulisha bure. Miti utaifanyia nini?
Nani anayepalilia? Nani aliyelipa gari la hospitali?"

Nayo ni kweli. Mikono yake nimeiona,
na gari alilipa kwa kuuza mbuzi.
Tena ni yeye aliyenifundisha alifu chuoni, kwa kiboko cha mpera,
kwa hiyo sauti yangu inatetemeka kidogo ninaposema:
Aliye hai harithiwi, Hamadi.

Hajibu. Anavua kiatu kimoja.

Tukaandika nyingine, ndefu, yenye makosa mawili niliyoyafuta:
Hamadi ni wakili, si mwenyewe.
Apalilie, achume, aanike, achukue thuluthi.
Iliyobaki iingie daftari la Bi Kazija kila msimu.
"Sitaki nikae kule nikiomba sukari," asema.
"Ukiomba sukari leo, kesho waomba ruhusa ya kukohoa."
Na pensheni yake?
Itakufuata, nikamwambia; jina lako nitalipeleka mwenyewe,
kwa miguu, mpaka nilione limeandikwa.
Ufunguo wa nyumba hakuutaja.
Ulikuwa umefungwa kwenye pindo la kanga, nami sikuuliza.

Ikabaki sahihi.
Nikambonyeza dole kwenye pedi, kisha kwenye karatasi:
duara jeusi, tupu, laini kama kokwa.
Vuli sitini za kuchambua karafuu
zimeifuta mistari aliyozaliwa nayo.
Mara ya pili, tupu.
Hamadi akavua kiatu cha pili, akaingia,
akamshika kiwiko ili mkono usitetemeke.
Mara ya tatu
katikati ya weusi ukabaki mstari mmoja mweupe,
umepinda.

Bi Kazija akausogeza karibu na jicho linaloona.
"Hilo kovu la kisu cha ukili," akasema,
"mwaka nilioolewa.
Liandike. Penye mali."